Injini ya dizeli ndani ya Chevrolet ya 1955: ufundi na hesabu za teksi za Havana

Katika barabara za Havana, mji mkuu wa Cuba, magari ya Kimarekani yaliyotengenezwa kabla ya 1959 yameendelea kubeba abiria kwa zaidi ya miaka 60. Kwa nje ni Chevrolet, Ford, Plymouth, Buick au Dodge. Ukifungua boneti, mara nyingi hukuti injini ya Kimarekani. Unakuta dizeli ya Toyota, Mitsubishi, Hyundai au Perkins, na wakati mwingine injini ya petroli ya Volga au Lada kutoka Urusi. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba kisiwa hicho kina magari ya aina hiyo yapatayo 60,000.

Kwa msafirishaji na muuza spea, Cuba ni mfano wa pekee wa swali linaloulizwa katika kila gereji: injini iliyochoka ifanyiwe ovahoo, au itolewe na kuwekwa nyingine? Makala hii inaeleza hali hiyo ilivyoanza, kazi inavyofanyika, mahali inapoharibika, na jinsi ya kupiga hesabu kabla ya kufungua nati ya kwanza.

Chanzo ni biashara iliyokatika

Kabla ya mapinduzi ya Januari 1959, Cuba ilikuwa soko zuri la viwanda vya magari vya Marekani. Kisiwa kiko karibu na Florida, meli zilikuwa nyingi, na magari mapya ya Detroit yalifika Havana muda mfupi baada ya kutoka kiwandani. Biashara hiyo ilikatika ghafla. Oktoba 1960 serikali ya Marekani ilizuia bidhaa zake nyingi kuuzwa Cuba, isipokuwa chakula na dawa, na Februari 1962 Rais John F. Kennedy akapanua vikwazo hivyo kugusa karibu biashara yote. Magari mapya hayakuja tena, na spea zake pia.

Magari yaliyofuata yalitoka Muungano wa Kisovieti: Moskvich, Volga na baadaye Lada. Hayo hayakuuzwa kiholela. Yaligawiwa kwa wafanyakazi na wataalamu waliochaguliwa, na mwenye nalo hakuruhusiwa kuliuza apendavyo. Kwa miongo mingi, magari ambayo raia aliweza kuyanunua na kuyauza kwa uhuru ni yale yaliyokuwapo nchini kabla ya mapinduzi. Sheria hiyo ilidumu hadi 2011, serikali iliporuhusu uuzaji wa magari mengine kati ya watu binafsi. Januari 2014 wananchi waliruhusiwa kununua magari mapya na yaliyotumika katika maduka ya serikali bila kibali maalumu, lakini bei ziliwashtua wengi: Peugeot 508 mpya ilibandikwa bei ya zaidi ya dola 250,000.

Mwanauchumi ataona hapo kwa nini gari la 1955 halikutupwa. Thamani yake haikutokana na uzuri wa bodi. Ilitokana na ukweli kwamba lilikuwa mali halali inayoweza kuuzwa na kufanyiwa biashara, katika nchi ambayo gari mbadala halikupatikana. Ndiyo maana mwenye gari alikuwa tayari kutumia fedha nyingi kulifufua, kiasi ambacho katika nchi nyingine kingetosha kununua gari jingine.

Biashara yenyewe ni teksi za kuchangia. Gari hupita njia maalumu na kuokota abiria watano, sita au zaidi, kila mmoja akilipa nauli yake, kama daladala au matatu. Wenyeji huliita almendrón, yaani lozi kubwa, kwa sababu ya umbo lake la duara, na dereva huitwa botero. Ajira binafsi iliruhusiwa rasmi mwaka 1993, wakati wa dhiki kubwa iliyofuata kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti. Petroli ilikuwa adimu mno wakati huo, na kazi ya kuondoa injini kubwa za petroli ikashika kasi.

Injini zilizokuja na magari

Si injini zote za Kimarekani zilizofanana, na tofauti zao ndizo zinazoamua kama ovahoo inawezekana.

Chevrolet za miaka ya mwanzo ya 1950 zilikuwa na injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Iliyojulikana zaidi ni ile ya inchi za ujazo 235, yaani lita 3.9. Kipenyo cha silinda ni milimita 90.5 na pistoni husafiri milimita 100. Ni injini ya kuzunguka taratibu, yenye nguvu chini, na inayovumilia mafuta hafifu. Zile za zamani zaidi, za inchi 216, zina udhaifu mmoja mkubwa: beringi za koni hazikuwa vipande vya kubadilisha bali madini laini yaliyomwagwa na kuchongwa ndani ya koni yenyewe, na oili iliwafikia kwa kurushwa. Fundi asiyejua kumwaga madini hayo hawezi kuirudisha injini hiyo katika hali yake.

Mwaka 1955 Chevrolet ilileta V8 ya inchi 265, lita 4.3, yenye nguvu farasi 162 katika toleo la kawaida. Injini hiyo ilikuwa nyepesi kidogo kuliko silinda 6 iliyouzwa sambamba nayo, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mwaka huo huo gari lilibadilika sehemu mbili nyingine: umeme ulitoka volti 6 ukawa volti 12, na propela shafti iliyofichwa ndani ya bomba ikawa ya wazi. Kwa fundi anayetaka kubadili injini, mabadiliko hayo mawili yana maana kubwa kuliko V8 yenyewe, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Ovahoo au injini nyingine?

Uamuzi huanza kwa vipimo. Moshi wa bluu pekee si hukumu, kwa kuwa sili za valvu zilizokauka zinaweza kuutoa hata kama ringi bado nzima. Fundi makini hupima mgandamizo wa kila silinda, kisha humimina oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena. Kipimo kikipanda sana, ringi au silinda zimelika. Kisipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya hedi. Presha ya oili hupimwa injini ikiwa ya moto, kwa sababu injini baridi hudanganya.

Baada ya hapo yabaki maswali matatu:

1. Je, bloku bado ina nyama ya kuchongwa? Silinda huchongwa kwa hatua: 10, 20, 30 na 40 kwa elfu za inchi, au kwa magari ya Kijapani milimita 0.25, 0.50 hadi 1.00. Bloku iliyokwisha kuchongwa hadi mwisho huhitaji kuwekewa sleevu.

2. Je, pistoni, ringi na beringi za saizi hiyo zinapatikana? Kuchonga kabla ya kushika pistoni mkononi ni kosa linalogharimu bloku nzima.

3. Je, injini ikishatengenezwa, kazi itakayofanya italipa mafuta yake?

Nchini Marekani swali la pili ni jepesi, kwani spea za Chevrolet za miaka ya 1950 bado zinatengenezwa upya na kuuzwa. Nchini Cuba ndilo lililofunga mlango. Mafundi walichonga pistoni za magari mengine ili zitoshe, waliyeyusha aluminiamu na kumwaga vipuri vyao wenyewe, na walikata gasketi kwa mkono. Wapo hata waliotengeneza maji ya breki kwa kuchanganya shampuu na vitu vingine. Hilo la mwisho si la kuigwa: maji ya breki yasiyo sahihi huchemka upesi na kula raba, na gari la tani moja na nusu lililojaa abiria halina nafasi ya majaribio hayo.

Hatua za ovahoo kamili

Pale inapowezekana, ovahoo ya injini ya zamani ya Kimarekani hufuata utaratibu ule ule wa injini nyingine, isipokuwa kwa mambo machache.

Injini hutolewa, hufunguliwa na kusafishwa njia zote za maji na oili. Bloku za chuma za miaka ile hujaza kutu na tope nyuma ya silinda za mwisho, na gari linalochemka mara nyingi huwa na tatizo hilo kabla ya rejeta. Silinda hupimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili, kwa kuwa hulika zaidi karibu na mwisho wa juu wa safari ya ringi. Kranki shafti hupimwa kila shingo. Ikiwa imelika hupelekwa kuchongwa, na beringi hununuliwa kwa saizi iliyochongwa.

Valvu zinahitaji uangalifu wa pekee. Injini hizi zilibuniwa wakati petroli ilikuwa na risasi, na risasi hiyo ililinda viti vya valvu. Petroli ya leo haina. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiuza kwenye vituo vya magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Hivyo basi injini ya zamani inayofunguliwa leo inafaa kuwekewa viti vya chuma kigumu upande wa valvu za moshi, hasa kama gari litafanya kazi ya safari ndefu na mzigo.

Wakati wa kufunga, kila beringi hupimwa uwazi wake, kila boliti hukazwa kwa spana yenye kipimo, na kranki huzungushwa kwa mkono baada ya kila kofia kufungwa. Ikigoma, fundi hurudi nyuma hatua moja. Asubiri hadi mwisho, na atalazimika kufungua kila kitu kutafuta kosa moja.

Kubadili injini: mahali kazi inapokuwa ngumu

Mtu anayeangalia kutoka nje hudhani kazi kubwa ni kuingiza injini ndani ya boneti. Kwa gari la Kimarekani hiyo ndiyo sehemu rahisi, maana chumba chake cha injini ni kikubwa na dizeli ya silinda 4 huingia na kubakiza nafasi. Ugumu uko katika kila kitu kinachoungana na injini hiyo.

Mauntingi. Chevrolet za 1955 hadi 1957 zilishika injini kwa mbele na kwenye nyumba ya klachi, hazikuwa na mauntingi za ubavuni kama za magari ya baadaye. Injini na gia boksi za asili zikiondolewa, mashiko ya nyuma huondoka nazo. Fundi hulazimika kuchomelea mabano mapya kwenye chesisi na kuweka mtambo wa kushika gia boksi. Dizeli ya silinda 4 hutetema kuliko silinda 6 au V8, hivyo raba laini na mabano mazito ni lazima. Bano lililochomelewa vibaya hupasuka, na mara nyingi hupasuka pamoja na chesisi.

Sampu na usukani. Sampu ya injini mpya ikigongana na vyuma vya usukani au na boriti ya mbele, wapo wanaoikata na kuichomelea upya. Ikikatwa, lazima kichujio cha oili ndani yake kibaki kimezama hata gari likipanda mlima au kufunga breki. Injini nyingi zilizobadilishwa zimekufa ndani ya wiki chache kwa sababu hii peke yake.

Propela shafti. Kwa Chevrolet ya 1954 na za kabla yake, propela iko ndani ya bomba lililofungwa kwenye gia boksi, na bomba hilo ndilo linalosukuma gari mbele. Gia boksi mpya haina mahali pa kulifunga. Kwa hiyo hubadilishwa ekseli yote ya nyuma na kuwekwa ya propela ya wazi. Kwa gari la 1955 na kuendelea, inatosha kukata propela kwa urefu mpya, kuweka misalaba inayolingana na kuisawazisha. Pembe ya gia boksi na ya difu lazima zilingane, la sivyo gari litatetema kwa mwendo fulani na kula misalaba kila baada ya miezi michache.

Uwiano wa difu. Chevrolet ya 1955 yenye gia za mkono ilikuwa na difu ya 3.70. Tairi likiwa na mzunguko wa takriban mita 2.2, mwendo wa kilomita 80 kwa saa huifanya injini izunguke mara 2,240 hivi kwa dakika katika gia ya moja kwa moja. Mwendo huo unafaa kwa dizeli. Difu ya 4.11, iliyowekwa kwenye magari yenye ovadraivu, ingeipandisha hadi karibu 2,490. Ikumbukwe pia kwamba dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo hutoa nguvu farasi 90 hivi, dhidi ya 162 za V8. Gari litafika, lakini dereva aliyezoea kuovateki kwa injini ya zamani ajifunze upya.

Vakyumu. Injini ya petroli hunyonya hewa na kutoa vakyumu, ambayo kwenye magari mengi ya zamani ndiyo iliyoendesha waipa. Dizeli haitoi. Waipa hubadilishwa ziwe za umeme, na kama gari lina msaidizi wa breki, dizeli lazima iwe na pampu ya vakyumu. Dizeli nyingi za Kijapani huwa nayo nyuma ya altaneta, na anayenunua injini bila altaneta yake anaweza kuigundua hasara hiyo siku ya kujaribu breki.

Umeme. Gari la volti 6 hubadilishwa lote liwe volti 12: taa, mota, geji na nyaya. Dizeli inahitaji betri kubwa, nyaya nene za stata na relei ya plagi za kupasha moto.

Mafuta na upoaji. Dizeli hurudisha sehemu ya mafuta kwenye tangi, kwa hiyo huwekwa bomba la pili la kurudi, pamoja na chujio chenye mtego wa maji. Tangi lililokaa na petroli kwa miaka 50 lisafishwe kabisa, kwani kutu kidogo tu huua pampu na nozeli. Rejeta ya asili kwa kawaida hutosha kwa dizeli ndogo, ila nafasi ya feni ipimwe.

Breki. Magari haya yalitoka kiwandani na breki za ngoma na masta silinda ya njia moja. Bomba moja likipasuka, breki zote hupotea. Pesa ya injini ikipatikana lakini ya masta silinda ya njia mbili ikakosekana, mpango haujakamilika.

Hesabu ya mafuta

Hapa ndipo uamuzi hufanywa. Chukua mfano wa teksi inayotembea kilomita 150 kwa siku. V8 ya petroli ikitumia lita 18 kwa kilomita 100, itakunywa lita 27 kwa siku. Dizeli ikitumia lita 10, itakunywa lita 15. Tofauti ni lita 12 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi, ni lita 3,600 kwa mwaka.

Tuseme kazi yote ya kubadili, yaani injini, gia boksi, vyuma, umeme na fundi, imegharimu thamani ya lita 4,500 za petroli. Bei za petroli na dizeli zikiwa sawa, gharama itarudi baada ya siku 375 za kazi. Dizeli ikiwa nafuu kwa asilimia 20, gharama ya mafuta kwa siku itashuka hadi thamani ya lita 12 za petroli, akiba itakuwa lita 15, na fedha itarudi baada ya siku 300. Lakini kama uhaba wa mafuta au ukosefu wa abiria utapunguza safari hadi kilomita 75 kwa siku, akiba hupungua kwa nusu, na siku za kurudisha fedha katika mfano wa kwanza zinakuwa 750.

Kwenye hesabu hiyo aongeze siku ambazo gari limelala gereji bila kuingiza chochote. Kubadili injini kwa wiki sita si sawa na kubadili kwa wiki mbili, hata kama bei ya fundi ni ile ile.

Hatari ambayo haimo kwenye injini

Uzoefu wa Cuba unaonyesha kwamba hesabu nzuri inaweza kuvurugwa na mambo yasiyohusu ufundi. Kwa miaka mingi sehemu ya dizeli iliyotumiwa na teksi hizo ilitoka kwa njia ya magendo, ikichotwa kutoka kwenye magari na mashirika ya serikali na kuuzwa kwa bei ya chini. Bei hiyo ya magendo ndiyo iliyofanya dizeli ionekane nafuu mno.

Mwaka 2016, mafuta kutoka Venezuela yalipopungua na mashirika ya serikali kukatiwa mgawo, dizeli hiyo ikaadimika. Madereva walipandisha nauli. Julai mwaka huo mamlaka za Havana ziliingilia kati kuzuia nauli kupanda, na Februari 2017 zikaweka viwango vya nauli kwa kila kipande cha njia. Baadhi ya madereva waliegesha magari, na abiria ndio waliobaki vituoni. Aidha, Machi 2024 bei rasmi ya petroli ya kawaida ilipandishwa kutoka peso 25 hadi peso 132 kwa lita, zaidi ya mara tano kwa mkupuo mmoja.

Mwenye injini iliyobadilishwa kwa matarajio ya mafuta ya magendo alijikuta na gari ambalo haliwezi kurudisha gharama zake kwa bei halali. Msafirishaji yeyote anayepiga hesabu ya injini kwa bei ya mafuta ya njia za panya anajenga juu ya msingi huo huo.

Thamani ya gari baada ya kubadili

Kuna soko la pili. Magari ya wazi yaliyong'arishwa, yanayotembeza watalii Havana, yamekuwa yakilipwa dola 30 au zaidi kwa saa, wakati abiria wa teksi ya kuchangia alilipa peso chache tu. Hata humo, mengi yana injini za dizeli, kwa sababu mtalii hulipia bodi na picha.

Kwa wakusanyaji wa magari ya kale wa Marekani na Ulaya, mambo ni tofauti. Wao hutafuta gari lenye injini na gia boksi zilizotoka nalo kiwandani, na lililokatwa chesisi kuingiza dizeli hushuka thamani sana. Ndiyo sababu waliodhani kwamba vikwazo vikiondolewa magari ya Cuba yangegombaniwa mnadani walikosea. Mengi ya magari hayo ni mashine za kazi, na thamani yake iko katika kazi hiyo. Fundi mwenye busara hushauri kutokata kisichorudishika: tengeneza mabano ya kufunga kwa boliti inapowezekana, na uhifadhi injini ya zamani.

Namba ya injini na karatasi

Injini mpya huja na namba mpya. Nchini Cuba mabadiliko hayo hutakiwa kuingizwa katika usajili wa gari, na mwenye gari aonyeshe injini ilikotoka. Jambo hilo linawahusu moja kwa moja wasafirishaji wa Afrika Mashariki. Kadi ya gari ya Tanzania na logbook ya Kenya zote zina nafasi ya namba ya injini. Lori lililobadilishwa injini likabaki na namba ya zamani kwenye kadi linaweza kusimamishwa kwenye ukaguzi, na kampuni ya bima inaweza kupata kisingizio cha kubishana wakati wa ajali. Kwa gari linalovuka mpaka tatizo huwa kubwa zaidi, kwa kuwa mkaguzi wa upande wa pili hamjui mwenye gari wala fundi wake. Anachokijua ni karatasi.

Soko la injini zilizotumika katika ukanda huu ni kubwa. Injini kutoka Japani na Falme za Kiarabu huuzwa Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na eneo la Kisekka jijini Kampala. Kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe yafuatayo:

1. Risiti inayotaja namba ya injini, na nakala ya karatasi za forodha zilizoiingiza nchini.

2. Namba iliyogongwa kwenye bloku inasomeka na haijasuguliwa wala kugongwa upya.

3. Injini inazunguka kwa mkono, na oili iliyobaki ndani haina maji wala vumbi la chuma.

4. Pampu, altaneta yenye pampu ya vakyumu, stata na mabano yake vimo ndani ya bei. Kununua kimoja kimoja baadaye hugharimu sana.

5. Gia boksi ya injini hiyo inapatikana, na urefu wa propela umepimwa kabla.

6. Dhamana ya muuzaji imeandikwa kwa siku na kwa maneno, si kwa ahadi ya mdomo.

7. Taarifa ya mabadiliko inapelekwa kwa mamlaka ya usajili na kampuni ya bima kabla ya gari kurudi barabarani.

Magari ya Havana yamedumu kwa sababu wenyewe hawakuwa na njia nyingine, na mafundi wao wamelipa kwa muda na jasho kile ambacho soko lilishindwa kuleta. Msafirishaji mwenye soko wazi ana nafasi ya kuchagua. Achague kwa vipimo vya injini, bei halali ya mafuta na karatasi zilizokamilika, kwa mpangilio huo.